Nusu ya Picha Ilitengenezwa Hapa

Ndugu Mwenyekiti, wazee wetu mlioacha baraza zenu kwa ajili ya jioni hii, mama zangu, kaka na dada zangu, na ninyi vijana mliojazana upande wa nyuma ilhali viti vya mbele viko wazi: asalaam aleikum, na hamjambo nyote.

Nimeombwa nizungumze juu ya filamu za mapigano za gharama ndogo, zile ambazo watu wa rika langu hapa Tanga tuliziita picha za ngumi, picha za komando na picha za ninja, na nieleze ni kwa nini watu wazima, wengine wao wenye wajukuu, bado wanazikumbuka kwa mapenzi ambayo hawayaonyeshi kwa filamu zilizotengenezwa kwa fedha nyingi mara mia. Jibu la haraka, ambalo nimelisikia hata leo pale mlangoni, ni kwamba tunaukumbuka utoto wetu, basi. Jibu hilo si la uongo, lakini halitoshi, kwa sababu utoto wetu ulikuwa na mambo mengi ambayo hakuna anayeyatamani, zikiwamo foleni za sukari na sabuni za miaka ya mwanzo ya 1980. Lazima pawe na kitu ndani ya picha zenyewe. Rai yangu ni kwamba picha zile zilitufikia zikiwa na mapengo, kwa kuwa waliozitengeneza hawakuwa na fedha za kuyaziba, na mapengo yale tuliyaziba sisi wenyewe. Kinachotuvuta hadi leo ni kazi: kazi ya watu walioanguka kweli mbele ya kamera huko Hong Kong na Manila, na kazi ya watu walioimalizia picha ile huku kwetu, katika vibanda vya video vya mitaa ya Ngamiani na Makorora.

Tuanze na fedha, maana filamu za aina hii hazieleweki bila hesabu zake. Mwaka 1991 Hollywood ilitoa filamu ya pili ya Terminator, iliyogharimu takriban dola milioni 100. Miaka 3 kabla yake, Bloodsport, picha iliyompa Jean-Claude Van Damme jina lake duniani, ilitengenezwa Hong Kong kwa fedha ambazo hazikufikia dola milioni 3, na ikaingiza zaidi ya dola milioni 11 katika majumba ya sinema ya Marekani peke yake. Bruce Lee naye, alipocheza The Big Boss mwaka 1971, alipelekwa Thailand na kikosi kidogo, na filamu nzima ikagharimu takriban dola 100,000. Mwenye dola milioni 100 hununua helikopta, huajiri wataalamu wa kompyuta, na akitaka huujenga mji mzima ili aulipue. Mwenye laki moja hana cha kununua isipokuwa mwili wa binadamu na muda wake.

Hong Kong ilikuwa na miili hiyo kwa sababu maalumu. Jackie Chan, Sammo Hung na Yuen Biao walilelewa katika chuo kimoja cha opera ya Kichina, chini ya mwalimu Yu Jim-yuen, wakifunzwa sarakasi, mapigano ya jukwaani na uimbaji kwa nidhamu kali ya viboko. Walipofikia umri wa kujitegemea, opera ile ilikuwa imekwisha kupoteza watazamaji wake, na kazi iliyowangoja ilikuwa ya kupigwa mateke, kuvunja meza kwa migongo yao na kuanguka kutoka ghorofani katika picha za Shaw Brothers na za Golden Harvest, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1970. Hivyo ndivyo sanaa moja iliyokuwa ikifa ilivyoilisha sanaa nyingine iliyokuwa ikizaliwa. Filamu zilipigwa bila sauti, sauti ikaingizwa baadaye studioni, na ndiyo maana mdomo ulisema maneno matano nasi tukasikia mawili. Lakini mpigapicha aliweza kusimama mbali na kuuonyesha mwili mzima kuanzia utosini hadi nyayoni, na akaiacha kamera iendelee bila kukatiza, kwa kuwa hapakuwa na udhaifu wa kuficha. Mtoto wa Makorora aliyetazama alijua, bila kuambiwa na mhakiki yeyote, kwamba mtu yule ameruka kweli na kwamba akitua vibaya ataumia kweli.

Hapo ndipo tofauti ilipo na filamu nyingi za mapigano za leo, ambazo kila ngumi hukatwa vipande vitatu ili usione kwamba anayepigana hajui kupigana. Siwalaumu waigizaji, bima zao haziwaruhusu hata kujikwaa. Ninachosema ni kwamba jicho la mtazamaji, hata la mtoto, hulipima jasho la mtu, na likikosa la kupima huchoka upesi.

Wamarekani walioshika njia hiyo ya gharama ndogo walifuata hesabu nyingine. Mwaka 1979 binamu wawili kutoka Israeli, Menahem Golan na Yoram Globus, waliinunua kampuni ya filamu ya Kimarekani iitwayo Cannon, wakaanza kuuza filamu kabla hazijatengenezwa. Walikwenda katika soko la filamu la Cannes wakiwa na bango, jina la filamu na jina la mwigizaji; wasambazaji wa nchi mbalimbali wakatoa ahadi za fedha kwa kuliona bango, na kwa fedha hizo ndipo filamu ikapigwa. Matokeo yake ni kwamba bango lilikuwa kubwa kuliko filamu, na wakati mwingine liliahidi mlipuko ambao ndani ya picha haukuwapo kabisa. Wakati huohuo maduka ya kanda za video yalikuwa yakifunguliwa kila mtaa huko Marekani na Ulaya, na rafu zake zilitaka kujazwa kila wiki. Filamu ya mapigano ilifaa kuliko zote kwa soko hilo, kwa sababu teke halihitaji mkalimani.

Enter the Ninja ya mwaka 1981 ni mfano mzuri wa akili ya watu wale. Ilipigwa Manila, na mwigizaji mkuu, Franco Nero wa Italia, hakujua karate wala ninjutsu. Mike Stone, bingwa wa karate ambaye ndiye aliyeleta wazo la hadithi, alivaa mavazi na kinyago akapigana kwa niaba yake. Tazameni faida ya kinyago kile: mwigizaji mkuu anaweza kupumzika kivulini huku mtu mwingine akiruka ukuta kwa jina lake, na wapiganaji kumi waliolipwa ujira wa siku moja wanaweza kuuawa, wakanyanyuka, wakajifuta vumbi, wakauawa tena hadi wakatimia jeshi. Miaka minne baadaye Michael Dudikoff, ambaye naye hakuwa mtu wa karate, akawa American Ninja kwa mbinu ileile, na huko Ufilipino kuleile. Mwishoni mwa miaka ya 1980, Cannon ilipokuwa imeelemewa na madeni, mwongozaji Albert Pyun alipewa mandhari na mavazi yaliyokwisha kutayarishwa kwa ajili ya filamu mbili zilizofutwa, mojawapo ikiwa ya Spider-Man, akayatungia hadithi nyingine kabisa. Filamu hiyo ni Cyborg, na wengi wenu humu mliitazama bila kujua kwamba Van Damme alikuwa akipigana ndani ya nyumba ya mtu mwingine.

Aliyekwenda mbali kuliko wote ni mwongozaji Godfrey Ho, akifanya kazi na mtayarishaji Joseph Lai wa kampuni ya IFD ya Hong Kong. Wao walinunua filamu za zamani za Asia ambazo hazikuwa na soko, wakawaita Wazungu wachache, wakawavisha mavazi ya ninja ya rangi kali, yakiwamo mekundu na ya manjano ambayo mtu hawezi kujificha nayo popote, kisha wakaupachika mchezo huo mpya ndani ya filamu ile ya zamani. Mwigizaji Richard Harrison alilalamika baadaye kwamba picha alizopigwa kwa ajili ya filamu chache zilitawanywa katika filamu nyingi asizokuwa na habari nazo. Daraja kati ya nusu mbili za filamu mara nyingi lilikuwa simu: Mzungu anazungumza upande huu, Mkorea au Mthailandi anajibu upande ule, na wawili hao hawakuonana hata mara moja maishani mwao.

Picha ya namna hiyo haikuwa na hadithi. Ilipofika Tanga ndipo ilipopewa.

Wazee wangu, ninyi mliwahi majumba ya sinema yenyewe. Mnaikumbuka Majestic, mnaikumbuka Novelty na Regal. Mlimwona Bruce Lee kwenye turubai kubwa, mkatoka mkipiga mateke hewani hadi nyumbani. Sisi wadogo zenu tulichelewa. Biashara ilipolegezwa mwaka 1984 ndipo deki na televisheni zilipoanza kuingia kwa wingi, nyingi zikitokea Dubai na kupitia Zanzibar, na kwa kuwa Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi mwaka 1994, kwa miaka kama kumi hivi deki ya video ndiyo iliyokuwa kila kitu. Mwenye deki, jenereta na chumba aliweka mabenchi, akatandika majamvi mbele kwa ajili ya watoto, akaziba madirisha kwa magunia, na kibanda kikawa kimefunguliwa. Jina la kibanda umiza lilistahili, kwa maana waliokaa humo wanaujua uchungu wa ubao ule na lile joto la musimu wa kaskazi. Kanda yenyewe ilikuwa nakala ya nakala ya nakala. Usiku ndani ya picha ulikuwa giza mara mbili, na wakati wa pambano la mwisho mistari myeupe ilipanda na kushuka juu ya kioo hadi mwenye kibanda akaipiga deki kofi.

Pengo la kwanza lilizibwa na msimuliaji. Asiyekuwa na kiingilio aliipata picha kesho yake chini ya mwembe, kutoka kwa mwenzake aliyeingia, na usimulizi ule ulikuwa na kanuni zake. Msimuliaji alitakiwa kutoa mlio wa kila ngumi kwa mdomo wake. Alitakiwa kueleza stelingi, yaani shujaa wa picha, alivyovaa. Na aliruhusiwa kuongeza, mradi asimuue stelingi. Msimuliaji hodari aliweza kuifanya picha ya saa moja na nusu ichukue mchana mzima, na wasikilizaji wakamlipa kwa maembe mabichi au gololi. Nilisimuliwa picha nyingi kuliko nilizotazama, na baadhi yake nilipozitazama nikiwa mtu mzima niliziona ni fupi na maskini kuliko zile nilizozisikia. Kwa nini tuone ajabu? Sisi ni watu wa pwani, tuliolelewa na hadithi za Abunuwasi na majini ya mapango ya Amboni. Tulipopewa ninja asiye na kisa, tulijua la kumfanya.

Baada ya usimulizi ulifuata mchezo, na hapa mji wetu ulikuwa na neema ambayo miji mingine haikuwa nayo. Mlingoti wa ua la mkonge ukikauka huwa mrefu, umenyooka, na mwepesi kiasi kwamba mtoto wa miaka 8 anaweza kuuzungusha juu ya kichwa, na ukimpiga mwenzako haumvunji mfupa. Mashamba ya mkonge yakawa ghala letu la silaha. Kwa kamba ya mkonge tulifunga vipande viwili vya mpini wa ufagio tukapata nanchaku, na kila aliyejaribu kuizungusha kama Bruce Lee alijipiga kisogoni. Mama zetu waligundua upesi kwamba fagio za nyumbani zinapungua mipini.

Lakini aliyeimalizia picha kuliko wote alikuwa mtafsiri. Kiingereza cha picha zile wengi hatukukifuata, na Kikantoni hakuna aliyekijua, kwa hiyo katika baadhi ya vibanda alisimama mtu kando ya televisheni akaeleza kwa Kiswahili kinachoendelea. Baadaye sauti hizo zikarekodiwa juu ya kanda zenyewe, na jina la Lufufu, aliyefanya kazi hiyo Dar es Salaam, likajulikana nchi nzima, kama baadaye lilivyojulikana jina la DJ Mark, na kama wenzetu wa Kenya wanavyomjua DJ Afro na wale wa Uganda VJ Jingo. Msomi wa lugha akisikiliza kazi yao atasema kwamba si tafsiri, na kwa kipimo chake atakuwa na haki. Mtafsiri aliwapa wahusika majina, alituonya kwamba yule mwenye masharubu ni msaliti, alimkejeli adui, alimshauri stelingi asiingie ndani ya nyumba ile, na palipokuwa na ukimya mrefu kwa sababu mwongozaji hakuwa na fedha za muziki, aliujaza ukimya huo kwa mazungumzo yake mwenyewe. Alifanya kazi ambayo manju huifanya ngomani: wimbo unajulikana, lakini usiku huo ni wake.

Nakumbuka kibanda kimoja kilichoonyesha mojawapo ya zile picha za kuunganishwa nilizozitaja, yenye Mzungu wa upande huu wa simu na Mkorea wa upande ule. Mtafsiri wetu alitangaza kwamba hao wawili ni watoto wa baba mmoja na mama mbalimbali, kwamba marehemu baba yao ameacha shamba na nyumba mbili, na kwamba ugomvi wote wa ninja unaotokea ni ugomvi wa mirathi. Chumba kilitulia ghafla, kwa maana hapakuwa na nyumba ya Tanga isiyolijua jambo hilo. Tangu hapo kila ninja aliyeanguka tulijua ameanguka kwa ajili ya hati ya shamba, na mwisho wa picha watu wazima walitoka wakibishana nani kadhulumiwa. Godfrey Ho hakuwahi kutunga kitu chenye nguvu kama hicho, na naamini angekisikia angekinunua.

Vilevile Steve James. Huyu alikuwa mwigizaji Mmarekani mweusi, mpiganaji wa kweli, aliyecheza pembeni mwa shujaa katika filamu tatu za kwanza za American Ninja, akafariki mwaka 1993 akiwa na umri wa miaka 41 bila kupewa nafasi aliyoistahili. Watengenezaji walimweka awe rafiki wa stelingi. Kibandani kwetu mtafsiri alimfanya Mdigo wa Duga aliyezamia meli hadi Marekani, na kila alipotokea na ule mwili wake watu walimpokea kwa vifijo kama mtu aliyerudi nyumbani. Yule mwenye jina kubwa kwenye bango akawa ndiye msaidizi wake. Hayo hayakuandikwa katika muswada wowote, yaliandikwa Tanga.

Nikiyasema hayo, sitaki mtu aondoke hapa akidhani kwamba namsifia kila aliyetengeneza picha za bei nafuu. Bei nafuu kwa mmoja ni gharama kwa mwingine, na hesabu hiyo sisi watazamaji hatukuonyeshwa. American Ninja ya pili, ya mwaka 1987, inasema kisa chake kinatokea katika kisiwa cha Karibi. Fukwe zile ni za Afrika Kusini. Filamu hiyo, na ya tatu iliyoifuata katika mfululizo ule, zilikwenda kutengenezwa huko wakati utawala wa makaburu ukiwa bado umesimama, kwa sababu ya unafuu wa gharama, ilhali Umoja wa Mataifa ulikuwa umekwisha kuwataka wasanii waisusie nchi ile. Fikirini maana yake kwetu. Nchi hii ilikuwa mstari wa mbele; Mazimbu, Morogoro, palikuwa na shule ya ANC, chama cha wapigania uhuru wa Afrika Kusini, tangu mwaka 1978, yenye watoto waliokimbia utawala huohuo; nasi huku tulikuwa tukitoa viingilio vyetu kushangilia fukwe ambazo mtu mweusi wa nchi ile hakuruhusiwa kuogelea kwa uhuru. Hatukujua. Sasa tunajua, na anayetaka kuzitazama tena na azitazame akiwa anajua.

Hali kadhalika wale wanaokufa ndani ya picha. Mwaka 1989, Cannon ilipokuwa ikitengeneza Delta Force 2 huko Ufilipino, helikopta ilianguka na watu 5 wakapoteza maisha. Nimesema kwamba tulipenda kuona mwili ukihatarishwa kweli. Basi huo ndio ukweli wake. Na katika picha za komando zilizosema zinatokea Vietnam, nyingi zikiwa zimepigwa Ufilipino, Mwasia hakuwa na jina, hakuwa na mama, na alijitokeza tu ili apigwe risasi. Ni mtafsiri, na si mwongozaji, ambaye mara nyingine alimpa adui huyo jina na kumhurumia kidogo kabla hajaanguka.

Hamu yetu hii imekwisha kugeuzwa bidhaa. Avi Lerner, aliyekuwa akishughulika na utayarishaji wa filamu Afrika Kusini katika miaka ya 1980 na akaanzisha kampuni ya Nu Image mwaka 1992, ni miongoni mwa waliotayarisha The Expendables ya mwaka 2010, iliyowakusanya mashujaa wa zamani pamoja ili tuwanunue tena. Niliitazama, na sikukaa nayo. Nyuso zote zilikuwapo, lakini pambano limekatwakatwa na damu ni ya kompyuta. Mwaka mmoja baadaye, The Raid ya Indonesia, iliyogharimu dola milioni 1 na kidogo, ilimweka Iko Uwais ndani ya jengo moja na ujuzi wake wa silat, mapigano ya jadi ya huko, na nikajikuta nimeshika ukingo wa kiti. Kwa hiyo nisiambiwe kwamba ni uzee unaonisumbua.

Vijana wetu, mfano ulio karibu nanyi zaidi uko Kampala. Isaac Nabwana, wa mtaa wa Wakaliga, aliijua sinema kwanza kwa kusimuliwa na kaka zake waliokuwa wakienda kutazama, yaani ni mtoto wa chini ya mwembe kama sisi. Alijiundia kompyuta kwa vipuri, bunduki zake zikachomelewa kutokana na vyuma chakavu, na mwaka 2010 akatoa Who Killed Captain Alex?, filamu ya mapigano ambayo gharama yake inatajwa kuwa chini ya dola 200. Lililonigusa zaidi ni kwamba sauti ya mtafsiri VJ Emmie imewekwa ndani ya filamu yenyewe, akitania, akishangilia na kuwatangaza wahusika. Nabwana alielewa kwamba mtafsiri ni sehemu ya picha, akampa nafasi yake rasmi. Hapa kwetu Jimmy Mponda alithubutu kutengeneza filamu ya mapigano, Misukosuko, na ni haki tumtaje, maana soko la Bongo Movie limeelekea zaidi kwenye mapenzi na migogoro ya ndoa. Wenye mazoezi ya karate, ndondi na sarakasi katika mji huu ni wengi, na kamera iko mfukoni mwa kila mmoja wenu. Isimamisheni mbali, muuonyeshe mwili mzima.

Lakini filamu hiyo ya Nabwana ina jambo jingine, nalo ndilo lililonifanya nikubali kuja kuzungumza. Nakala asilia yake haipo. Kompyuta ilikuwa imejaa, na ili atengeneze filamu iliyofuata ilimbidi aifute. Kilichobaki ni nakala ya DVD. Sasa turudi kwa picha zetu. Filamu za Cannon hazina hofu ya kupotea: kuna makampuni Marekani na Uingereza yanayozisafisha na kuziuza upya zikiwa safi kuliko tulivyowahi kuziona. Hata ninja wa manjano wa Godfrey Ho anatunzwa. Lakini nusu ya picha iliyotengenezwa hapa, yaani sauti za watafsiri, haiko Los Angeles wala Hong Kong. Iko ndani ya kanda zilizo juu ya makabati yenu, katika mji wenye unyevu wa bahari mwaka mzima, na ukungu unazila.

Kwa hiyo nina ombi, na ni la vitendo. Mwenye kanda ya picha iliyotafsiriwa, ya Lufufu au ya mtafsiri wa mtaani asiyejulikana, naomba aiandikishe jina leo. Ukiona unga mweupe pembezoni mwa utepe, usiiweke ndani ya deki, kwa sababu ukungu huo utahamia kwenye vichwa vya deki na kuingia katika kanda inayofuata. Iache kama ilivyo, isimame wima mahali pakavu, mpaka isafishwe. Kile kipande kidogo cha plastiki kilicho mgongoni mwa kanda, kama bado kipo, kivunje ili mtu asirekodi juu yake kwa bahati mbaya. Wasimuliaji wa zamani mliomo humu, mnaokumbuka picha mlizozisimulia, nanyi tunawahitaji, kwa maana sauti zenu hazikurekodiwa kabisa. Kijana mwenye simu atakuja nyumbani kwenu, na mtasimulia kwa kanuni zilezile, milio ya ngumi ikiwamo.

Najua pia kwamba kanda nyingi zimerekodiwa mara mbili: ninja anaruka ukuta, mara picha inakatika, na harusi ya shangazi inaanza. Msizitupe kwa sababu hiyo. Zote mbili tunazitaka. Meza ya kuandikisha iko kando ya mlango wa kutokea, na mwenye deki inayofanya kazi apite kwanza, kwa kuwa hadi sasa tumeahidiwa kanda nyingi kuliko deki.

Ahsanteni kwa kunisikiliza.